Mji Uliopewa Jina la Babu Yangu

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Ufunguo wa maktaba hauna mwenyewe! Madam Rebeka, mwalimu wetu wa Historia, ametangaza leo mstarini. Kiranja wa maktaba yuko Kidato cha Nne na anahitimu Jumamosi ya wiki ijayo. Mrithi atatoka Kidato cha Tatu. Yaani kwetu.

Maktaba ya shule ni chumba kimoja kando ya stoo ya majembe. Vitabu mia mbili na kumi na vinne. Hufunguliwa Jumatano kwa dakika arobaini, na watu hamsini huingia kwa pamoja, wengine kwa ajili ya kivuli tu. Lakini mwenye ufunguo huingia siku yoyote. Hata Jumamosi. Hata peke yake! Mimi nimeshasoma migongo yote ya vitabu inayoonekana kupitia dirishani. Rafu ya kushoto siioni. Imezibwa na kabati.

Sharti ni moja. Kila anayeutaka ufunguo aandike historia ya jina la ukoo wake, kurasa zisizidi nne. Madam amesema anayetaka kutunza vitabu aonyeshe kwanza kwamba anaweza kutunza habari. Mshindi atakabidhiwa ufunguo siku ya mahafali.

Naitwa Hosea Petro Mwanza. Petro ni baba yangu, marehemu. Mwanza ni babu, tunaishi naye. Mwanza pia ni jiji, na huko sijawahi kufika. Nimezaliwa Ikungi na nimekulia Ikungi. Ziwa pekee nililowahi kupita ni Singidani, nikiwa kwenye basi, usingizini. Hata hivyo tangu Kidato cha Kwanza darasa zima linaniita Sato, samaki wa ziwa la huko. Damiani, ninayekaa naye dawati moja, aligeuka papo hapo akaniuliza kama Sato ataandika kwa wino au kwa mchuzi. Wakacheka hadi safu ya nyuma. Nikatabasamu.

Jibu kali la kumrudishia limenijia sasa hivi. Saa nane baadaye.

Jumanne, 10 Septemba

Nimemuuliza Mama kuhusu jina. Alikuwa anapepeta mtama, upepo wa mwezi huu unamsaidia. Akasema ni jambo dogo tu. Babu alizaliwa wakati baba yake, Mzee Mughwai, ameenda kutafuta kazi Mwanza. Kijijini kwao mtoto akizaliwa baba yuko safarini, alipewa jina la huko baba alikokwenda. Mama mwenyewe ana shangazi anaitwa Kondoa.

Nikamuuliza kama kuna zaidi. Akasema zaidi ya hapo ni vumbi, nisogee.

Nimeandika. Mstari mmoja na nusu. Nikaandika upya kwa herufi kubwa. Mistari miwili!

Mpinzani wangu ni Belinda Moshi. Kahamia kwetu Januari, baba yake ni afisa katika halmashauri. Moshi ni ukoo wake na Moshi ni mji, kama mimi kabisa, isipokuwa yeye amezaliwa huko kweli. Anasema mlima ulikuwa unaonekana kutoka mlango wa jiko lao. Mtu kama huyo utashindana naye vipi? Leo kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshajaza kurasa tatu. Nimehesabu kupitia chini ya kwapa langu.

Alhamisi, 12 Septemba

Tatizo nimeligundua. Ukweli wetu ni mfupi mno. Nimeurefusha.

Katika historia yangu jiji halikumpa Babu jina. Babu ndiye aliyelipa jiji! Mzee Mughwai anafika ziwani. Anamkuta mtoto wa mtemi anazama. Anajitupa majini na kumwokoa. (Je, Mughwai alijua kuogelea? Kwetu maji ya kuogelea hayapo. Nimeandika kwamba alijifunza njiani.) Mtemi anamuuliza anataka zawadi gani, ng'ombe au ardhi. Mughwai anasema hataki kitu, ila nyumbani kwake kuna mtoto mchanga aitwaye Mwanza. Basi mtemi anaupa mji wake jina la mtoto yule. Nilipofika hapo nililia kidogo. Kurasa nne kamili.

Belinda akaniomba asome. Mimi mtu akiniomba kitu macho yakiwa yananitazama, siwezi kukataa. Akasoma yote, hata sehemu ya kuogelea. Akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa upole, kwamba ule mji ulikuwepo tangu enzi za Wajerumani. Babu yangu ana umri gani? Nikasema sabini na sita. Akasema asante, imeandikwa vizuri. Akaondoka.

Kumbe anataka kunivunja nguvu! Nimezijua mbinu zake.

Nimefuta tarehe zote. Insha inapumua vizuri zaidi bila tarehe.

Jumamosi, 14 Septemba

Pigo. Jana Madam Rebeka aliongeza sharti: kila insha iwe na shahidi, mzee wa ukoo aliyeisikia yote na kuweka saini au dole gumba chini yake. Amesema historia ya ukoo haina mwenyewe mmoja.

Nikakaa na kufikiri. Babu haoni maandishi. Miwani yake ilikanyagwa na ndama mwezi wa sita. Lakini masikio yake yanasikia hadi ya jirani. Basi nikabeba karatasi mbili. Ya kwanza ina ile mistari miwili ya Mama. Ya pili ni ukurasa wa nne wa insha.

Nikamwamkia shikamoo, ingawa asubuhi nilishamwamkia. Akanitazama kwa mashaka. Nikamsomea ya kwanza: Mwanza Mughwai aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa baba yake akiwa Mwanza kikazi. Babu akakohoa. Akatazama zizi la mbuzi muda mrefu. Kisha akasema sawa, wote ndivyo wanavyosema, andika hivyo hivyo.

Nikapaka wino wa kalamu kwenye dole lake na kuliongoza. Kwenye ya pili.

Akauliza kama ni hayo tu, mistari miwili kwa miaka yote hiyo. Nikasema ndiyo, Babu. Akauliza itasomwa wapi. Nikasema labda kwenye mahafali, labda isisomwe. Akasema atakuja kusikiliza. Nikamwambia ni mbali. Babu akageuka akaitazama shule. Inaonekana kutoka uani kwetu.

Sijisikii vizuri. Labda ni maharage.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeingia wawili bora! Mimi na Belinda! Madam aliniita ofisini, akaniuliza mara mbili kama mzee ameisikia yote na kuthibitisha. Nikasema ameweka dole. Hilo si uongo. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema basi nijiandae, insha zote mbili zitasomwa mbele ya wageni, kila mtu na yake.

Zitasomwa na mimi? Kwa mdomo? Jambo hili alilisema tangu Jumatatu ya kwanza, Damiani anasema, ila mimi wakati huo nilikuwa nawaza rafu ya kushoto.

Watu mia tatu! Mimi hata dukani huandika kwenye karatasi ninachotaka, nikampa muuzaji.

Na Babu atakuwepo. Hili ndilo kubwa zaidi. Lazima asiwepo.

Jioni nimemwambia Babu mahafali yamesogezwa hadi Jumapili. Alikuwa anakubali, taratibu, anatikisa kichwa. Ndipo Mama akatoka jikoni na kadi ya mwaliko mkononi, akaisoma kwa sauti, Jumamosi saa nne asubuhi, akaniuliza macho yangu yana nini siku hizi. Babu akasema mtoto anasoma sana, apewe maziwa.

Nimepewa maziwa. Yamenishinda.

Ijumaa, 20 Septemba

Mpango mpya na ni wa uhakika. Babu hawezi kukaa mbele ya watu bila koti. Hata msibani, hata jua liwe kali namna gani, koti. Analo moja, la kijivu. Nimelificha ghalani chini ya magunia ya alizeti.

Amelitafuta jioni nzima. Alitazama chini ya kitanda, akatazama tena chini ya kitanda. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba uzee unamfanya asahau, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikauwaza ule ufunguo, umefungwa kwa kamba ya katani, una kibao kidogo cha mti, na nikaufunga mdomo.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie na koti.

Babu alikuja. Amevaa koti la jirani yetu, Mzee Edward, ambaye ni mrefu kuliko mlango wake. Liliishia magotini na mikono yake ilimeza vidole. Alikaa safu ya pili, karibu na kipaza sauti, ili asikie vizuri.

Belinda alisoma kwanza. Insha yake ilianza kwa maneno haya: sijui. Aliwauliza watu sita wa ukoo wake kwa simu jina lao limetoka wapi. Kila mmoja alimjibu lake, na wawili wamegombana mpaka leo hawapokeani simu. Akayasoma majibu yote sita, akayaacha hivyo hivyo. Kurasa nne za kutojua! Nikapumua. Nikajua nimeshinda.

Nikaitwa. Nikasoma. Mgeni rasmi akasema hasikii. Nikasogea, kipaza sauti kikapiga yowe, mtoto mchanga akalia. Kutoka nyuma Damiani akapaza sauti kwamba Sato yuko nchi kavu, amwagiwe maji. Watu wakacheka, na ajabu, kicheko kilinisaidia, kwa sababu nilikasirika na sauti ikatoka.

Nilisoma vizuri! Mughwai akafika ziwani. Mughwai akajitupa majini. Akina mama wakaanza kuguna kwa huruma. Mtoto wa mtemi akatolewa, anatapika maji. Mtemi akauliza zawadi. Nikafika pale mji unapopewa jina la mtoto mchanga wa Ikungi, nikainua macho kama Madam alivyonifundisha.

Babu alikuwa amesimama.

Mzee akisimama, watu hunyamaza. Hata mgeni rasmi alishusha chupa yake ya maji. Babu akavua kofia. Akasema ananiomba radhi kwa kunikatiza, mimi mjukuu wake, ila angependa kujua huyo Mughwai ni wa nani, maana Mughwai aliyemzaa yeye alikuwa akivuka hata dimbwi la mvua kwa kushikwa mkono.

Turubai lilitikisika kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Madam Rebeka hakucheka. Alisema, taratibu, kwamba karatasi ina dole la mzee. Babu akalitazama dole lake. Kisha akanitazama mimi, si muda mrefu. Akasema ni kweli dole ni lake, na mwenye dole anaomba aeleze alichokiwekea dole.

Akaja mbele na koti lile refu. Hakutaka kipaza sauti. Akasema hivi.

Baba yake aliondoka na wenzake kwenda Mwanza kutafuta kazi ya pamba. Njiani aliugua miguu, wenzake wakamtangulia. Walimwambia afuate njia mpaka aone maji makubwa, akiyaona amefika. Akatembea siku nyingi. Asubuhi moja yenye ukungu akayaona maji, ng'ambo haionekani, mitumbwi ipo, samaki wapo. Akasema moyoni: nimefika Mwanza. Akaweka mzigo chini. Akapata kazi ya kuanika samaki. Lugha ya pale hakuijua, na alikuwa mtu wa aibu, hakupenda kuuliza maswali. Alikaa miaka miwili. Alituma salamu nyumbani kwa mpita njia: mwambieni mke wangu niko Mwanza. Mke wake akajifungua, mbuzi akachinjwa, mtoto akaitwa Mwanza.

Pale palikuwa Kitangiri. Ziwa la Kitangiri, hapa hapa mkoani kwetu.

Alikuja kujua siku anarudi, kwa mtu aliyekutana naye njiani aliyekuwa anatoka Mwanza yenyewe. Akafika nyumbani na samaki wakavu kichwani. Enzi hizo kijijini, mtu akirudi na samaki ametoka Mwanza, hakuna aliyeuliza swali la pili. Alimwambia mke wake tu. Mke akamjibu kwamba jina limeshaitwa na mbuzi ameshaliwa, mtoto haitwi mara mbili.

Babu akasema mama yake alimsimulia siku moja kabla hajafa. Na yeye amelibeba jina hilo miaka sabini na sita, mabasi ya Mwanza yanapita, na hakupanda hata moja. Aliona kama mji utamuuliza amefuata nini. Akasema hajawahi kulisema hili mbele ya watu. Akavaa kofia akarudi kukaa.

Mama mmoja akapiga kigelegele. Kisha wote.

Ufunguo amepewa Belinda.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilisema tumbo. Mama akasema tumbo langu lina akili sana.

Koti nimelitoa ghalani, nimelikung'uta, nimelitundika. Babu akaliona. Akasema limerudi lenyewe, koti zuri hilo, linajua njia.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa aya mbili, nikasema maneno matatu. Babu alikuwa anakunja kamba ya mbuzi. Akasema uongo wangu haukumuuma sana, ulikuwa uongo mzuri, na sehemu ya mtemi kuuliza zawadi ilimpendeza. Kilichomuuma ni kingine. Miaka yote anakaa pale pale, kwenye kigoda kile kile, akingoja mmoja wetu amuulize habari ya jina lake. Baba yangu hakuuliza, alikufa mapema. Mimi ndiye msomaji wa nyumba. Nilikuja mwishowe, nikamsomea badala ya kumuuliza. Wino mkononi, swali hakuna.

Nikasema niliona aibu kuuliza. Babu akacheka hadi akakaa chini. Akasema hapo sasa amemwona Mughwai mwenyewe.

Baadaye aliniambia rangi ya kikapu alichobebea samaki. Ilikuwa nyekundu.

Jumatatu, 23 Septemba

Madam Rebeka aliniita. Nilidhani nafukuzwa. Akasema adhabu yangu ni kung'oa visiki vitatu nyuma ya stoo, na hilo nimelifanya, viganja vyangu vina malengelenge saba. Halafu akasema jambo la pili. Wageni wameipenda habari ya Babu. Shule itakusanya historia za majina ya wanafunzi wote na kutengeneza kijitabu, kikae maktaba. Anahitajika mtu mwenye mwandiko mzuri wa kunakili. Belinda ndiye aliyelitaja jina langu.

Nikaenda kumuuliza Belinda kwa nini. Nilisimama nyuma yake muda mrefu kabla hajageuka. Akasema yeye anaweza kuuliza maswali lakini akiandika watu wanasinzia, na mimi kinyume chake. Akasema Jumamosi atafungua saa tatu, nikitaka nije. Kisha akasema kuna jambo moja tu: nisiongeze kitu. Ninakili kilicholetwa. Basi.

Nikaapa. Niliinua mkono wenye malengelenge.

Damiani ananiita Kitangiri sasa. Ni jina refu. Nadhani ni heshima.

Jumamosi, 28 Septemba

Niko ndani ya maktaba! Naandika humu ndani! Belinda kanisogezea kiti, kaacha ufunguo mlangoni, kaenda kuchota maji ya kufutia rafu. Kabati tumelisogeza. Rafu ya kushoto ina vitabu vya kilimo cha karanga, vyote kumi na tisa. Nimeazima viwili.

Insha zimeletwa kwenye mfuko wa sukari. Babu nimemaliza kumnakili, neno kwa neno, na kikapu chake chekundu. Sijaongeza kitu. Nimebadilika kabisa, mimi mwenyewe nashangaa.

Sasa nimefikia ya Lucy Tabora, wa Kidato cha Pili. Ameandika mstari mmoja. Babu yake alizaliwa kwenye stesheni ya Tabora, treni ikiwa imechelewa. Nukta. Bibi yake ameweka dole.

Imechelewa kwa nini? Lucy hajasema. Mama mjamzito anasubiri stesheni, treni haiji, na msomaji aachwe hivyo hivyo? Si haki. Ukurasa wote mweupe! Nimechungulia dirishani. Belinda bado yuko kwenye foleni ya bomba, ana watu sita mbele yake.

Nimemweka tembo relini. Mmoja tu, mdogo.

Foleni haisogei. Nimemleta na mama yake.